Kombe Lililopakwa Chokaa

Chokaa mbichi ikizimuliwa kwa maji huchemka kama uji, na harufu yake huwasha pua na kuacha ladha ya chuma mdomoni. Watu wengine harufu hiyo huwakumbusha sikukuu, kuta zinapopakwa upya. Mimi hunipandisha hasira. Utotoni mwangu Bunju, miaka ile ya vijiji vya Ujamaa, chokaa ilichomwa nyuma tu ya shule yetu. Baba na wenzake walichimba mawe ya matumbawe, wakayapanga juu ya magogo, wakawasha moto usiku na mchana, na mawe yakatoka meupe na mepesi, tayari kuwa unga. Msomaji wangu, nataka tuelewane mapema, maana bila hili hutajua nilichokasirikia. Matumbawe si mwamba kama miamba mingine. Ni nyumba za vijidudu vya baharini, zilizojengwa moja juu ya nyingine kwa muda usiohesabika, kisha bahari ikajiondokea na kuziacha nchi kavu. Muhogo wetu tuliulima juu ya sakafu ya bahari ya kale.

Aliyetufundisha hayo ni Mwalimu Elifuraha, kijana kutoka Upare, mtu aliyeweza kurudia jambo lile lile mpaka umwonee huruma, bila kuinua sauti. Alitueleza darasa la sita kwamba viumbe vingi vilivyowahi kuishi duniani havipo tena. Kwamba kule Lindi ilifukuliwa mifupa ya dinosaria, wanyama wakubwa kuliko lori. Na kwamba zaidi ya mara moja vifo vilienea baharini na nchi kavu hata karibu kila kitu kikatoweka, kisha uhai ukaanza kujikusanya upya. Hamisi, kiranja wetu, alinyoosha mkono. "Mwalimu, sasa hao samaki wa Bunju walishukia kituo gani?" Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, kisha akaanza tena toka mwanzo.

Maneno yakafika majumbani, na huko yakanenepa. Mzee Chande, mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzaramo asiyetoka nje bila kofia yake iliyodariziwa, alisikia kwamba watoto wanafundishwa kuwa dunia ni kuukuu kuliko babu yetu Adamu. Isitoshe, alisema, Elimu ya Kujitegemea maana yake ni jembe, wala si hadithi za mijusi. Akaitisha mkutano wa wazazi Jumamosi ili waamue: kipindi cha sayansi kibaki, au kigeuzwe kuwa cha shamba. Mimi jembe nililijua vya kutosha. Kipindi kile kilikuwa saa pekee katika wiki nzima ambayo nilijiona nina akili, na sasa kilikuwa kinaelekea kuliwa na muhogo.

Kwa hiyo niliposhuka kwenye shimo la baba siku mbili kabla ya mkutano na kuona jiwe lenye kombe, gamba la chaza wa kale, ndani yake, nilipiga kelele hata baba akadhani nimeumwa na nyoka. Lilikuwa kombe kubwa kama sahani ya pilau, limekunjamana kingo zake kama upindo wa kanga iliyokamuliwa, limeshikana na jiwe kama jino na ufizi. Kwa umri lilikuwa kitoto mbele ya dinosaria wa Lindi, lakini lilikuwa letu, na lilikuwa shahidi. Mwenye macho haambiwi tazama, nilijiambia. Nililibeba kichwani mpaka shuleni. Mwalimu Elifuraha aliligeuza huku na huku, akapangusa miwani. Ofisi ilikuwa imefungwa, tukaliweka chini ya mlingoti wa bendera, mahali ambapo hakuna mtoto angethubutu kucheza.

Sasa sikiliza. Shule zetu zilikuwa na desturi moja ambayo mpaka leo sijaizoea. Akitarajiwa mgeni, au ukiitwa mkutano, kila jiwe lililokaa chini bila kazi lilipakwa chokaa. Njia ilipakwa, bustani ikapakwa, miti nayo ikavalishwa soksi nyeupe. Jumamosi asubuhi nilifika nikakuta mlingoti umezungukwa na mawe yanayong'aa, yote sawa, kama mayai kwenye kiota. Jiwe langu lilikuwa miongoni mwao. Na chokaa yenyewe, tafadhali, ni matumbawe yaliyochomwa! Walikuwa wamechukua wafu wa kale, wakawasaga, wakawapaka wafu wengine wa kale ili wasionekane. Mwalimu na mimi tulilitambua jiwe kwa kupapasa, tukalisugua kwa makumbi ya nazi na maji, lakini chokaa ilikuwa imejaa kwenye kila mkunjo. La kuvunda halina ubani. Kengele ikalia.

Mzee Chande alinitazama nikilitua mezani. "Mtoto, hilo si jiwe la bendera?"

"Shikamoo babu. Ndani yake mna kombe."

"Marahaba. Mimi naona chokaa."

"Mikono miwili, mzee!" Hamisi alipaza sauti kwa fahari. "Tumepaka mikono miwili!"

Wazazi wakacheka. Mwalimu akaanza kueleza, polepole, kuhusu bahari iliyojitoa, na nikaona akina mama wakitazama jua na kufunga vitenge. Tulikuwa tunashindwa. Ndipo mama yangu akainuka. Mama alikuwa Mnyamwezi, na kwa asiyejua, Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Mtani anaweza kukunyang'anya kitu mbele ya watu, nawe huna ruhusa ya kukasirika, ukikitaka, unakikomboa. Mama alitembea mpaka mezani, akamvua mwenyekiti kofia.

"Mzaramo huyu! Kichwa kimefunikwa, kitaonaje?"

"Wee Mnyamwezi, lete kofia yangu!"

"Jikomboe. Nataka kipindi cha sayansi."

"Kipindi kizima kwa kofia moja?"

"Na yenyewe imetoboka. Nimekupunguzia, mtani."

Mkutano ukavunjika mbavu. Mzee Chande, upara ukimeremeta, alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Haya, wachukue sayansi yao. Lakini waambiwe Adamu alitangulia!" Kipindi kikapona. Kila mtu alikwenda nyumbani na furaha isipokuwa mimi. Hakuna hata mmoja aliyeliangalia jiwe. Nilitaka tushinde kwa ukweli, tukashinda kwa utani.

Kipindi hicho ndicho kilichonifanya mwalimu, nami nimestaafu hapa hapa Bunju, kati ya mageti na kuta ndefu. Watoto wa mtaa wanawajua dinosaria wa Ulaya kwa majina kutoka kwenye simu, lakini hawajui wamesimama juu ya nini. Juzi fundi wa jirani alikuwa akivunja mawe kuwa kokoto, nikaona ndani yake tumbawe zuri lenye mikunjo kama ubongo. Nikamweleza yote, kwa utaratibu. "Kumbe! Sawa kabisa, mama," akasema, akapiga nyundo. Nikaeleza tena. "Nimekuelewa, mama yangu," akapiga tena.

Mzee Chande alipinga, akaita kijiji kizima, kwa sababu kwake umri wa jiwe ulikuwa jambo la kugombewa. Siku hizi wote wananikubalia. Natamani atokee mmoja tu, aweke nyundo chini, aniambie ninasema uongo. Ningevuta kigoda nikae, tuanze.