Sanga Fondo, Aliyeliliwa Mapema

Sanga Fondo alitaka jambo moja tu katika uzee wake: afie nyumbani kwake, azikwe ubavuni mwa mkewe, nyuma ya nyumba, chini ya mkorosho. Hakulisema kama ombi. Alilisema kama mtu anavyosema kwamba kesho atapalilia. Mwanawe Lewis, anayefanya kazi ya ujenzi Mtwapa, alikwisha kuonyeshwa mahali penyewe.

Nyumba hiyo iko ndani kidogo kutoka Dabaso, ng'ambo ya barabara kuu, upande wa msitu. Shamba lake na langu yamepakana. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye masihara. Ujana wake aliumalizia juu ya mapaa ya mahoteli ya Watamu akiezeka makuti, mpaka magoti yakakataa ngazi. Baada ya hapo alilima mihogo, akafuga mbuzi, na mkewe alipofariki akajipikia mwenyewe. Dada yake Kabibi, aliyeolewa mji wa jirani, hakuacha kumcheka.

"Kaka, huu ni ugali au ni plasta?"

"Kula. Maneno yako yana nyufa, yatazibika."

Kama wazee wengi wa kwetu, Sanga alipaka nywele zake piko, rangi nyeusi ya kuficha mvi. Sababu haiulizwi kwa kuwa kila mtu anaijua. Msiba wa ghafla ukitokea katika ukoo, mzee mwenye mvi ndiye wa kwanza kutazamwa kuwa mchawi, na kuna wazee waliotazamwa hivyo wakaishia kwenye panga. Kwa hiyo wazee hupakana piko wenyewe kwa wenyewe barazani, wakizungumza habari za mvua.

Mwaka juzi wakaja watu wa televisheni kutoka Nairobi. Walijenga kijiji cha makuti kando ya mikoko ya Mida, kijiji cha zamani, cha wakati Wagiriama walipokuwa wakikamatwa wakabebe mizigo ya vita vya Wazungu. Tamthilia yao ilikuwa ya muuguzi, msichana wa siku hizi, aliyeinamia kisima kikuukuu akatumbukia, akaibuka katika zama za babu wa babu zake. Kila akirudi kisimani aliweza kutokea siku nyingine, ya nyuma au ya mbele, na humo ndimo ulimokuwa utamu wa hadithi.

Msaidizi wa mwongozaji aliitwa Musyoka, kijana mnene, mpole, mwenye kofia ya jua. Alipomwona Sanga akiwarekebishia makuti waliyoyafunga vibaya, alisimama akamtazama.

"Mzee, wewe ndio natafuta. Lakini hizo nywele ziko nyeusi sana."

"Chini ni nyeupe," Sanga akasema, akacheka. "Nimezificha."

"Basi usizifiche. Ziache zitoke. Utakuwa mzee wa kijiji, Mzee Mwaro, yule muuguzi anajaribu kukuponya kidonda."

Kabibi hakupenda. Alimwambia kaka yake kwamba mvi si nguo, huwezi kuivaa kwa watu wa Nairobi ukaivua ukirudi. Sanga alimjibu kwamba kazi yenyewe ni ya muda, na kwamba tangu aache kupanda mapaa hakuna aliyemwambia yeye ndiye anayetafutwa. Akaacha kupaka. Ilipofika siku yake, kichwa kilikuwa cheupe kama pamba, na mwenyewe alipendeza.

Katika hadithi, mzee yule hafiki mbali. Muuguzi anafika amechelewa, bila dawa, na mzee anakufa. Wakamlaza Sanga juu ya mkeka, wakamfunika shuka nyeusi mpaka kifuani. Wanawake wa kwetu, Kabibi mbele yao, waliitwa kuja kulia, na sisi wengine tulikaa nyuma kama wanakijiji.

Musyoka akapiga makofi. "Haya, kilio! Anzeni!"

Wanawake wakalia. Kilio kilitoka kikavu. Wakalia tena, kikawa kibaya zaidi, mmoja akaanza kucheka na kuziba mdomo kwa leso.

"Mama, hiyo ni kulia ama ni kukohoa?" Musyoka akamwuliza Kabibi.

"Mwanangu, huyu Mzee Mwaro wako simjui," Kabibi akasema. "Babaye simjui, hata alichokuwa akilima sikijui. Kwetu mtu huliliwa kwa mambo yake. Sasa nimlilie nini?"

"Basi mlilie unayemjua. Huyu si unamjua?"

"Namjua. Ndugu yangu tumbo moja."

"Mlilie huyo. Haitasikika jina, tutaweka muziki."

Nadhani Kabibi alitaka kukataa. Lakini jua lilikuwa kali, watu walikuwa wamechoka, na kamera ilikuwa imemwelekea. Musyoka akapiga makofi tena, akasema kwa sauti, "Kilio kianze!" Naye Kabibi akaanza.

Alimlilia Sanga wa Fondo. Alimlilia kwa makuti aliyoyafunga, kwa mkewe aliyemtangulia, kwa jinsi alivyombeba yeye Kabibi mgongoni utotoni walipokimbia mafuriko ya mto Sabaki. Wanawake wengine walimpokea, na safari hii hakuna aliyecheka. Wanaume wakainama. Mpiga picha mmoja alijifuta macho. Sanga alilala chini ya shuka akijizuia, lakini chozi lilimtoka upande mmoja likaingia sikioni. Ilipokwisha, Musyoka alisema imetoka vizuri ajabu, hairudiwi.

Tulirudi nyumbani pamoja. Sanga peke yake alijaribu masihara.

"Kabibi, umenisifu sana. Ukija kunililia kweli utasema nini?"

"Nyamaza," Kabibi akamwambia. "Nyamaza, kaka."

Labda jambo lingepita. Wengi wetu tulilichukua kama mchezo. Lakini tamthilia ilianza kuonyeshwa, kila Jumatano jioni, na watu walijaa dukani penye televisheni kumtazama mtu wao. Muziki ulikuwepo, ila haukufunika yote. Jina la Sanga Fondo lilisikika, na la mkewe, na la marehemu baba yao. Jumatano iliyofuata muuguzi alirudi kisimani, akatokea siku za kabla ya kifo, safari hii na dawa mkononi. Mzee akaonekana amekaa mlangoni, kichwa cheupe, akila embe.

Duka zima likamgeukia Sanga. Kenga, mtoto wa mdogo wake Sanga, ndiye aliyesema.

"Baba mkubwa, wiki iliyopita tulikulilia. Umerudije?"

"Sikurudi. Yule msichana ndiye aliyerudi nyuma, kabla sijafa."

"Kabla hujafa wapi?"

"Kwenye hadithi."

"Na jina lililotajwa ni la kwenye hadithi?"

Sanga alianza kueleza habari za kisima, siku za nyuma na siku za mbele. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuonekana anajua mambo ambayo mtu hapaswi kuyajua. Mwishowe alicheka akasema hata yeye hakuielewa vizuri. Wachache walicheka pamoja naye.

Kabla mwezi haujaisha, Ziro, kifungua mimba wa Kenga, aligongwa na lori akiwa juu ya pikipiki yake, hapo penye njia ya kwenda Watamu. Alikuwa kijana wa kazi, hana ugomvi na mtu. Tulimzika kwenye ardhi ya ukoo, karibu na mkorosho wa Sanga. Sanga alikwenda matangani na mvi zake, kwa kuwa Musyoka alikuwa amemwomba asipake piko hadi sehemu ya pili ya tamthilia ipigwe. Alipokaa kwenye mkeka, waliokuwa karibu naye waliondoka mmoja mmoja kwa visingizio vya maji na kuni.

Baadaye Kenga alilisema wazi mbele ya ukoo. Mtu aliyeliliwa kwa jina lake, na kwa jina la babaye, amekwenda. Akirudi, hurudi kwa kutoa mwingine.

Sitaki kumfanya Kenga kuwa mtu mbaya. Alikuwa amemzika mtoto wake. Alitaka kuwe na sababu.

Mwambire, mzee wa ukoo, hakuwa mkali. Alisema hakuona uchawi, aliona matanga yaliyowekwa yakaachwa wazi. Aliuliza nani aliyeamuru kilio kianze. Tukasema Musyoka. Akasema basi matanga ni yake Musyoka. Aje mwenyewe, akae mkekani na ukoo, aseme kilio kimekwisha na mtu yupo. Pasipo hivyo yeye Mwambire hana la kufanya, maana matanga ya mtu mwingine hawezi kuyaondoa.

Lewis alimpigia simu Musyoka tukiwa tumekaa hapo.

"Salamu za mzee nimepokea," Musyoka akasema. "Pole sana. Hata kwetu Ukambani kitu kama hiyo si ya kucheza nayo. Nitakuja, nipe wiki mbili."

Alikuwa mkweli, naamini hivyo. Lakini sehemu ya pili ilifutwa, yeye akapata kazi nyingine mbali, na wiki mbili zikawa miezi. Lewis alipiga, akapiga. Mara nyingine alijibiwa, mara nyingi hakujibiwa. Sanga alirudi kupaka piko, na hilo pia likasemwa: sasa anajificha. Mbuzi wake wawili walikutwa wamekatwa miguu. Siku moja, mchana, alipokuwa kisimani, jiko lake likachomwa.

Hatimaye Musyoka alituma video. Lewis alikuja nayo kutoka Mtwapa, tukakusanyika kwa Mwambire. Kijana alionekana amevua kofia, nyuma yake ukuta mweupe. Alisema jina la Sanga Fondo, akasema yeye ndiye aliyeanzisha kilio, naye anakimaliza, mtu yupo, matanga yameondoka. Aliyasema vizuri, kama alivyofundishwa. Akaomba radhi.

Lewis akaiweka simu katikati ya mkeka. Hakuna aliyeigusa.

"Mwenyewe yuko wapi?" Kenga akauliza.

"Si huyo hapo?"

"Hapo pana simu."

Sanga akasema, na alikuwa akijaribu kutabasamu, "Kenga, mwanangu, mimi nilifia ndani ya televisheni. Kwa nini nisifufuliwe ndani ya simu?"

Mtu mmoja alicheka, akaacha upesi.

"Kilio tulikilia kwa midomo yetu, hapa Dabaso," Kenga akasema. "Shangazi Kabibi alilia kwa machozi. Huyu ameketi kwenye mkeka gani? Amekula na nani? Mtoto wangu mimi sikumzika ndani ya simu."

Mwambire alimwambia Lewis airudie video. Iliporudiwa, aliisikiliza kwa makini, akatikisa kichwa. Alisema kijana ana maneno mema, ila hayupo. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba laiti sisi nasi tungekuwa na kisima kile, tungerudi tukamzuia Kabibi asifungue mdomo. Kabibi alisimama akaondoka mkutanoni.

Juma lile Lewis alimchukua baba yake akampeleka kwenye nyumba ya kuhifadhi wazee, ndani, upande wa Ganze. Humo walikuwamo wengine waliokimbizwa makwao kwa mambo ya namna hiyo. Sanga alichukua godoro, sufuria na jembe. Jembe walimwambia halihitajiki, akalichukua.

Niliwahi kwenda kumwona. Alikonda, lakini alikuwa safi, ameoga. Aliniuliza habari za mkorosho, kama umezaa, na nani anaokota. Nikamwambia Kenga. Akasema ni sawa, zisioze. Aliniuliza kama Musyoka amefika. Nikamwambia hajafika.

"Akija mpeni embe," akasema. "Yeye alinipa embe nyingi siku ile. Walikuwa wanarudiarudia ile picha, na mimi nala tu."

Kila Lewis alipokwenda, baba yake alimwuliza lini atarudi nyumbani. Lewis alimjibu kwamba mambo yakitulia. Baadaye akaacha kuuliza lini, akauliza kitu kimoja tu: akifa, Kenga atakubali achimbiwe pale alipoonyesha? Lewis alikwenda kumwuliza Kenga. Kenga alimsikiliza vizuri, akampa kiti na chai, akamwambia kaburini mtu huingizwa baada ya kuliliwa, na baba mkubwa alikwisha kuliliwa. Akiletwa, nani atakaa matanga? Ukoo hauwezi kukaa mara mbili kwa mtu mmoja. Tena, akasema, Ziro amelala palepale karibu na mkorosho, na mama yake Ziro hatavumilia.

Lewis hakumpelekea baba yake jibu hilo. Alimwambia Kenga anafikiria.

Sanga Fondo alifariki mwaka huu, wakati wa mvua ndogo, kwa homa ya mapafu. Alizikwa kulekule Ganze, nyuma ya uzio, ambako nyumba ile huzika wasiochukuliwa na watu wao. Tulikuwa Lewis, mimi, mlinzi wa pale, na wazee wachache walioweza kusimama. Kabibi alichelewa, akafika mwili ukiwa umeshashushwa. Alisogea ukingoni. Tuliacha kufukia, tukamngoja.

Alifungua mdomo, akaufunga. Akajaribu tena. Akamgeukia Lewis.

"Baba yako nilimwambia yote siku ile," akasema. "Sasa nikisema nini, nitakuwa narudia."

Lewis akamwambia, "Basi, shangazi," akaendelea kufukia.

Kabibi hakukaa. Kabla ya kutoka aliomba maji kwa mlinzi, akanawa miguu, akakwangua udongo wa Ganze kwenye nyayo za viatu kwa kijiti, pole pole, mpaka vikatakata. Huko nyumbani Kenga alikuwa ameambiwa kwamba shangazi amekwenda Malindi, sokoni.