Mstari Aliousoma Zdravka

Nilikuwepo, niliona, na hadi leo sijaacha kushangaa. Zdravka Kolarova alitunza kompyuta za hifadhi yetu ya nyimbo za wazee hapa Plovdiv, Bulgaria, miaka ishirini na sita, na hakuwahi kutuma amri bila kuisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari mwanzo hadi mwisho. Tulimcheka sana. "Chekeni tu," alitujibu. "Haraka haraka haina baraka."

Jumanne moja aliita amri ya zamani kwa kitufe cha mshale wa juu, akairekebisha, akaisoma: futa folda ya majaribio. Mimi, msaidizi wake, nilikuwa ubavuni pake, nami nikasoma. Majaribio, haki ya Mungu! Akabonyeza. Zikafutika nyimbo zote za milima ya Rodopi.

"Mungu wangu!" akapiga ukelele. "Ognyan, nimeandika nini mimi?"

Kesho yake tulizirudisha nyimbo kutoka kwenye nakala, lakini mkurugenzi hakulegeza msimamo. "Mama, macho yako yamechoka. Andika barua ya kustaafu, tuagane vizuri." Na Zdravka, aliyewahi kumtoa naibu waziri chumbani mwa mashine kwa kuingia na kikombe cha kahawa, akainamisha kichwa. Aliamini! Roho iliniuma.

Alhamisi asubuhi nikakaa kwenye kompyuta yake. Nikaita amri ndefu, kisha fupi. Lahaula! Vipande vya ile ndefu vikabaki kwenye skrini, havifutiki. Macho yanaona amri hii, mashine imeshika nyingine. Nikachimba chanzo, nikakipata. Kwenye sikukuu ya jina lake, ambayo kwetu huadhimishwa kama siku ya kuzaliwa, nilikuwa nimelitilia rangi nyekundu jina lake, ambalo mashine huliandika mwanzo wa kila mstari wa amri, liwe zawadi. Alama za rangi hazionekani, lakini sikuziwekea mabano ya kuiambia mashine isizihesabu, basi mashine ikazihesabu kama herufi na kukosea mahali pa kuandika. Mimi! Zawadi yangu!

Ilinipasa kukimbia kumwambia. Sikukimbia. Niliondoa rangi, nikanywa kahawa, nikajiambia nitasema baada ya chakula.

Saa nane nikamweleza.

"Kumbe macho yangu mazima!" akalia. "Mazima, mwanangu!" Akanikumbatia, mimi mwoga mkubwa. Kisha akaniachia. "Umegundua saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

"Barua nimeipeleka saa sita," akasema. "Mkurugenzi ameshatia saini."

Akaenda kuchukua koti lake.