Mwindaji wa Ejo

Nikingoja basi la Kibondo kwenye baraza ya duka moja pale Kasulu, niliwakuta wanachuo watatu wa ualimu wakicheza mchezo wao wa kubuni. Mmoja husimulia msitu, wenzake huwa wawindaji, na dadu huamua nani ataliwa na chui. Safari hii msimulizi alileta kanuni mpya: anayekamatwa na chui hafi tena, anachechemea tu.

“Afadhali!” akasema mmoja, ambaye mwindaji wake alikuwa ameliwa asubuhi ile ile.

Mwenzake akafunika dadu kwa kiganja. “Mchezo usio na kifo ni wa watoto. Za lini hizo kanuni?”

“Ejo.”

Sasa, kwa Kiha, ejo ni jana. Tena ejo ni kesho.

“Basi mimi mzima, nachechemea!”

“Zinaanza kesho! Wewe ni maiti, ndugu.”

Wakamgeukia msimulizi. Akakuna kisogo. “Mimi nimesema ejo.”

Nikawaacha, nikamuuliza mwenye duka, “Mzee, basi la Kibondo lini?”

“Ejo.”

Sikujua kama nimechelewa au nimewahi. Nikarudi kuketi karibu na yule marehemu, tukangoja pamoja.