Nilivyoimbisha Mchakamchaka Korogwe

Nyumba yangu ya Segera nimeijenga karibu na barabara kwa makusudi, ili mtu akipita aulize ni ya nani. Lakini raha yake kubwa si geti wala vigae. Raha yake ni alfajiri, wanafunzi wa shule ya jirani wanapopita kwenye mchakamchaka. Kwanza nasikia miguu, kama mvua inayokuja kwa mbali juu ya mabati. Halafu sauti moja mbele, peke yake. Halafu sauti za wote zinaijibu, na vumbi lililolowa umande linapanda mpaka dirishani kwangu na harufu yake ileile ya zamani. Hapo hata kama nimeshika kikombe cha chai, nakiweka chini. Mke wangu ameshazoea. Husema tu, "Haya, kiranja kasikia kengele."

Wengi mnanijua kwa mabasi. Jina langu limeandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu, na anayesafiri kati ya Korogwe na Dar lazima amelisoma, apende asipende. Ambacho hamkijui ni kwamba kabla ya basi la kwanza, kabla hata sijaota ndevu, mimi Rajabu wa Mkata niliwahi kuwa sauti ya mbele ya bweni zima. Na si bweni la kuchezea.

Nilikwenda Korogwe na tranka la bati la bluu, godoro la sponji lililokunjwa na kufungwa kamba ya katani, na ndoo yenye kandambili ndani yake. Pale kwetu Mkata nilikuwa mtoto wa kwanza wa ukoo kuchaguliwa kwenda shule ya bweni, na baba, mkulima wa mahindi na muhogo asiye na maneno mengi, siku hiyo alizungumza na kila mtu stendi. Mama alinitia muhogo wa kuchemsha kwenye mfuko, bado wa moto, akanishika kichwa, akashuka kwenye basi kabla konda hajamkumbusha.

Shuleni, kidato cha kwanza tuliitwa njuka. Njuka ndiye anayechota maji, njuka ndiye anayelala karibu na mlango, njuka akifika kwenye foleni ya bwalo anakuta makande yamebaki mchuzi. Maharage yalikuwa na wadudu, na wakubwa walituambia tushukuru, shule nyingine hazitoi nyama kila siku. Uji wa asubuhi ulikuwa na ladha ya moshi. Nawaambia kweli, leo naweza kuagiza chakula chochote ninachotaka hapa Segera, lakini sijapata tena njaa tamu kama ile ya kusubiri uji ule na kikombe cha bati mkononi.

Lakini nilikumbuka nyumbani. Sitaficha. Saa ile ya kengele, na kengele yetu ilikuwa rimu la gari lililoning'inizwa kwenye mti, ndiyo saa mama alikuwa akiwasha moto nyumbani, nami namfuata nyuma na beseni. Maana mimi nimekulia stendi. Tangu nikiwa mdogo nilikuwa nauza mihogo na mahindi ya kuchoma kwenye madirisha ya mabasi, nikiwasaidia wapiga debe kuita abiria, na kila basi nililijua kwa honi yake kabla halijatokea. Shule yenyewe ilikuwa kando ya barabara hiyohiyo. Mabasi yaleyale ya alfajiri yalipita yakielekea Segera, na kutoka Segera yangefika Mkata, na mama angesimama chini ya dirisha lao. Mimi niko kwenye mstari, na kaptura, nakimbia kuelekea upande uleule bila kufika.

Basi nikagundua mahali pazuri pa kulilia. Bwenini huwezi, utachekwa mpaka umalize shule. Lakini kwenye mchakamchaka bado kuna giza kidogo, kila mtu anahema, kila uso umelowa, na jasho na machozi vinafanana. Nikawa nalia huko, nyuma ya mstari, kila asubuhi, kwa utaratibu kabisa, halafu naenda kunywa uji nikiwa nimemaliza. Niliona nimewazidi wote akili.

Asubuhi moja Mwalimu Mhina, mwalimu wa michezo, alikuwa zamu. Alikuwa mwembamba, mrefu, anakimbia nasi ubavuni na raba nyeupe na filimbi shingoni, wala hahemi. Basi moja likapita. Mara nikasikia mkono kwenye kola yangu. Akanitoa nyuma, akakimbia na mimi akiupita mstari wote, akanisimamisha mbele kabisa ya bweni letu la Nguu.

"Wewe wa Mkata," akasema, "imbisha."

Mimi? Njuka? Mbele yangu hakukuwa na mtu, ila barabara na mkonge pande zote mbili, na nyuma yangu vijana wazima wenye ndevu wanasubiri. Nikafungua mdomo. Na sijisifu, waliokuwepo wapo hai, sauti iliyotoka ilikuwa ya kwenda mbali. Nilizoea kushindana na injini, sasa watu ni kitu gani? Niliita, bweni likaitikia, na ule mwitikio ulinipiga mgongoni kama upepo wa lori. Nilikimbia sijui hata miguu iko wapi. Tangu asubuhi hiyo nikawa mwimbishaji wa Nguu, na wakanibatiza jina, Stendi.

Aliyeumia roho alikuwa Elia. Elia alikuwa Msambaa wa kule juu milimani, kitanda chake juu yangu, sauti yake ya kwaya ya kanisani, na alitegemea nafasi ile iwe yake. Wasambaa na sisi Wazigua ni watani, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kunitukana mchana kutwa, akaitumia yote. Alisema Wazigua tunaimba kama watu wanaofukuza nguruwe shambani. Nikamwambia Wasambaa wanaimba taratibu kwa sababu wakipaza sauti wataporomoka mlimani. Tukawa marafiki wakubwa.

Sasa kila mwisho wa mwaka mabweni yalishindana mchakamchaka. Mnatoka getini mpaka kwenye kalavati la upande wa Makuyuni na kurudi. Haikuwa mbio za nani wa kwanza. Sheria zilikuwa mbili: mstari usivunjike na wimbo usikatike. Wimbo ukikatika, hata kwa pumzi moja, bweni limeshindwa. Na njiani mnapishana na mabweni mengine, ambayo kazi yao ni kuwapigia kelele mpotee. Bweni linaloshinda linapewa mbuzi wa mradi wa shule na linapikiwa pilau peke yake, wengine wakila makande na kunusa.

Nguu walikuwa hawajashinda miaka mingi. Mwaka huo walisema wana Stendi. Mpaka jikoni wapishi walinijua. Nilitembea kifua mbele, naongezewa maharage bila kuomba.

Na hapo ndipo sauti ikanisaliti. Siku chache kabla ya mashindano nilianza wimbo vizuri, nikafika katikati, koo likapiga kelele nyembamba kama jogoo anayejifunza kuwika, halafu likashuka chini kama mzee. Mstari mzima ukacheka. Nikadhani ni mafua. Nikanywa maji ya moto na chumvi, nikatafuna tangawizi, wapi. Elia alikuwa juu kitandani anafurahi. Akasema jogoo wa Kizigua amebalehe, atachinjwa pamoja na mbuzi.

Kiranja wetu, Mbaruku, kijana wa kidato cha nne, mpole, mwenye mabega kama mlango, hakucheka. Alitaka pilau yake kabla hajamaliza shule. Asubuhi ya mashindano, tumeshajipanga getini, alimwendea Mwalimu Mhina akasema kwa heshima kwamba bweni limekubaliana Elia aimbishe, mimi nirudi nyuma. Nilikuwa nimesimama pale pale. Nyuma! Nilikujua kule nyuma. Kama ningeondolewa mbele siku ile, mbele ya shule nzima, ningefunga tranka langu na kupanda basi la kwanza, na hilo nilikuwa nimeshaliamua.

Mwalimu alimtazama Mbaruku, akanitazama na mimi.

"Stendi anakaa mbele," akasema. "Hata akikohoa, mtaitikia kikohozi."

Akapuliza filimbi. Tukatoka.

Kwenda, nilijibana. Niliimbisha kwa sauti ya chini, kwa tahadhari, kama mtu aliyebeba mayai, na tukafika kalavati tukiwa wazima. Wenzetu wa bweni la Pangani walikuwa wameshakatika, kicheko kiliwaua. Tukageuka. Jua lilikuwa linachomoza juu ya mkonge, umande unang'aa, vumbi limekuwa rangi ya dhahabu, na mbele yetu nawaona bweni la Usambara wanakuja, wamepanga mstari kama uzi, wanaimba kama kanda ya redio. Tukapishana bega kwa bega. Walipiga kelele mpaka masikio yakaziba. Nikapandisha sauti ili watu wangu wanisikie, na koo likapasuka. Jogoo! Halafu hakuna kitu. Hewa tupu.

Nilisikia bweni langu linamalizia kuitikia mstari wa mwisho. Baada ya hapo ilikuwa zamu yangu, na sina sauti ya kuimba. Nikasikia Elia nyuma yangu anavuta pumzi ili anipokee. Kwa upande wa barabara likatokea basi, naijua honi ile, na kabla sijafikiri mdomo ukafanya kazi uliyoizoea tangu utoto. Kupiga debe hakuhitaji sauti nzuri. Wapiga debe wote wamekauka koo. Nikapayuka kwa sauti ileile iliyokwaruza:

"Mkata, Mkata, Segera!"

Na Elia, Mungu amweke, badala ya kuimba wimbo wake, akajibu, "Twende!"

"Mkata, Segera, bado mmoja!"

"Twende!" bweni zima.

"Bado mmoja, mmoja tu!"

"Twende!"

Ile ilikuwa na mguu wake! Kila "twende" kishindo, kila kishindo hatua. Nikaita vituo vyote ninavyovijua, vya kwenda na vya kurudi, nikamaliza vituo nikaita makande, nikaita uji, nikaita maharage na wadudu wake, na wote wanaitikia twende. Usambara walipotusikia tukiita wadudu, mstari wao ukapinda kwa kucheka, wimbo wao ukazama. Dereva wa basi akapunguza mwendo, abiria wakatoa vichwa madirishani wanapiga makofi. Tuliingia getini mstari umenyooka, mimi naita, "Mbuzi, mbuzi, bado mmoja!" na wapishi wametoka nje na miko mikononi wanaitikia pamoja nasi.

Pilau ile! Elia alinitilia paja kwenye sahani yangu akaniambia, "Shika, konda." Mbaruku alichukua mfupa, akaukwangua mpaka ukawa mweupe.

Masomo yenyewe hayakunipenda. Mtihani wa kidato cha pili uliniangusha, nikarudia, ukaniangusha tena, nikarudi Mkata na tranka langu la bluu. Lakini sikurudi mikono mitupu. Nikaenda kupiga debe hapa Segera, nikawa konda, nikawa dereva, nikanunua basi moja chakavu nikalifufua, na mengine mnayaona yakipita. Miaka yote nimewahadithia watu kwamba kipaji changu kiligunduliwa Korogwe na mwalimu mwenye sikio.

Mpaka siku ile Mwalimu Mhina aliposhuka kwenye basi langu hapa Segera, mzee sasa, na fimbo. Nilimtambua kwa urefu. Nikamwamkia shikamoo mpaka watu wakageuka, nikamkalisha kwenye hoteli, nikamwagizia kuku, nikawatangazia waliokuwepo kwamba huyu ndiye aliyeisikia sauti yangu akaipeleka mbele. Mzee alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Sauti gani, Stendi? Sikuwahi kukusikia ukiimba. Ulikuwa unalia."

Nikajaribu kujitetea kwamba asingeweza kujua, maana kule nyuma kulikuwa na giza na wote tulikuwa tunatoka jasho.

"Jasho halimgeuzi mtu shingo kila basi likipita," akasema, akirudi kwenye kuku wake taratibu. "Nikaona wiki moja zaidi, utalipungia mkono moja lisimame. Aliye mbele hawezi kutazama pembeni, ataupeleka mstari wote mtaroni. Nikakuweka mbele."

Nilimsindikiza mpaka kwenye gari lake la Tanga, nikamwekea mkoba wake mimi mwenyewe, si konda. Bado nashikilia kwamba sauti ilikuwepo, na mzee hakukataa. Lakini nyumbani usiku ule nilikumbuka getini, Mbaruku anaomba nirudishwe nyuma, na mwalimu ananitazama mimi wala si koo langu.

Ndiyo maana madereva wangu wana amri moja ambayo mtu akiivunja anarudisha ufunguo. Wakikuta wanafunzi kwenye mchakamchaka alfajiri, wapunguze mwendo, wakae mbali nao, na wapite kimya. Wasipige honi hata ya salamu. Wao wanadhani naogopa ajali, nami nawaacha wadhani hivyo. Mle nyuma ya mstari kuna mmoja anayezijua honi zote.