Gia Iko P, Gari Linarudi Nyuma

Nitawasimulia, lakini mkicheka mcheke kwa upole, maana hadi leo nikipita Bashay kuna kina mama wakiniona tu wanaziba midomo kwa khanga, na mimi ni mwalimu jamani, mtu wa tai na shati lililopigwa pasi.

Nafundisha Masakta, kwetu ni Kilosa, ila nimeoa Mbulu. Mama mkwe alikuwa amekaa kwetu Masakta akitibiwa macho, na wakati huo huo mdogo wa mke wangu akapangiwa sherehe ya kuagwa nyumbani kwao Bashay. Shemeji yangu mkubwa, Tluway, akapiga simu kwamba atatuma Noah ije imchukue mama. Nikamjibu, "Hapana shemeji, mama nitamleta mwenyewe, kwa gari langu." (Hapo ndipo nilipojimaliza.)

Gari lenyewe ni pikapu ya zamani ya milango minne, otomatiki, na gia yake ilikuwa imeanza vituko: mkono umelegea kama jino bovu, ukiweka P, gia ya kuegesha, haliwaki, mpaka uusogeze N, gia huru, ndiyo liwake, na herufi inayowaka kwenye dashibodi hailingani na pale mkono ulipo. Fundi aliingia chini akaniambia bushi imekwisha, kile kiplastiki kinachoshika ncha ya waya wa gia kule kwenye giaboksi, kwa hiyo mimi huku juu naweza kuvuta na kule chini kusivutike, na akanikataza kulitembeza mpaka bushi ije kutoka Babati. Bushi ikachelewa. Asubuhi ya sherehe nikakata kipande cha mpira wa ndala, nikakipachika kwenye ile ncha, nikakaza kwa waya wa kufungia, nikajaribu uani mbele na nyuma, likaenda. Sikumwambia mtu. Mke wangu alikuwa ametangulia Bashay, na mama mkwe, ningeanzaje kumwambia?

Njiani kila kilima kilikuwa mtihani, maana nilikuwa nasikia mkono wa gia unacheza kiganjani kila tukiruka shimo. Mama akanitazama.

"Mwalimu, unaumwa? Mbona jasho?"

"Joto tu, mama."

(Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani na yeye amejifunika shuka hadi shingoni.)

Tukafika. Nyumba yao iko kwenye mteremko, na chini yake lilikuwa limefungwa turubai limejaa wageni, na chini zaidi, nje ya turubai, kina mama wanapika pilau kwenye masufuria makubwa. Kwaya ilipotuona ikaanza kuimba, vigelegele vikapigwa, na mimi kwa kutaka sifa nikageuza gari ili mlango wa mama uwaelekee waimbaji, maana yake mkia ukaelekea turubai. Nikaweka P. Nikavuta hendibreki, ambayo nayo ilikuwa inashika kwa huruma. Injini nikaiacha inawaka, kwa sababu nikizima, kuwasha tena itabidi nihangaike na gia mbele ya ukoo mzima. Nikashuka, nikazunguka, nikafungua mlango wa mama kwa heshima zote, nikampa mkono.

Mama akasema taratibu, kama mtu anayekujulisha kwamba viatu vyako havijafungwa, "Mwalimu, gari linaondoka."

Lilikuwa linaondoka kweli, na halikuwa linateleza tu, linasukumwa na injini! Mkono uko P, giaboksi bado iko kwenye rivasi niliyogeuzia. Nikashika mlango nikawa nakimbia nao, napiga kelele "Tokeni! Tokeni nyuma!", lakini kwaya bado inaimba, nani atasikia? Likapita ukingoni mwa turubai, tairi likakata kamba, nguzo ikalala, turubai lote likawashukia wageni, nikaona vichwa vinatembea chini yake kama mbuzi ndani ya gunia, na pikapu inaendelea, na mbele yake, yaani nyuma yake, shangazi wa bibi harusi ameganda na mwiko mkononi, sufuria inachemka pembeni yake. Nilijua nimeua mtu. Sikuwaza sherehe wala ualimu, niliwaza nitamwambia nini mke wangu.

Likagonga rundo la mawe ya msingi, likakwama, matairi yakawa yanachimba udongo. Nikarukia ndani juu ya mapaja ya mama mkwe (Mungu anisamehe), nikazima.

Hakuna aliyeumia. Shangazi akakaa chini palepale akaanza kulia, na bibi harusi naye akalia. Tluway akaja amekunja ngumi.

"Umelewa?"

"Sijalewa, shemeji."

"Mama yangu yumo humo! Umelewa!"

Watu wakaanza kunusa. Nawaambieni, wazee wa heshima, ambao asubuhi ningewapa shikamoo, walikuwa wananusa mdomo wangu. Ikabidi niseme yote, bushi, fundi, ndala, mke wangu amesimama pale ananisikiliza. Tluway hakuamini. Nikasema niwekeeni mawe kwenye matairi, mmoja asogeze gia, mimi niingie chini niwaonyeshe. Hakuna aliyetaka kupanda.

"Mimi si nimo tayari?" mama mkwe akasema, akijivuta hadi kiti cha dereva. "Niambie nifanye nini."

Basi nikalala chali kwenye matope na suti yangu, Tluway amechutama ananimulika kwa simu.

"Kanyaga breki mama, vuta mpaka N!"

"Nimevuta. Iko N."

Kule chini, mkono mdogo wa giaboksi haukutikisika hata kidogo. Mpira wa ndala ulikuwa umechanika, waya unaning'inia. Tluway akatazama, akanitazama, akasema, "Yaani kwa hiki, ukambeba mama?" Afadhali angenipiga.

Nikausogeza ule mkono mdogo kwa vidole mpaka N, watu wakaondoa mawe wakalisukuma gari hadi tambarare. Turubai likasimamishwa, pilau likaliwa, na mama alipopewa nafasi ya kuongea akasema, "Mkwe wangu amenileta kinyumenyume, lakini nimefika." Walicheka mpaka bibi harusi akacheka. Mke wangu hakucheka.

Baadaye fundi alikuja na bushi yenyewe, akaweka mkono wa juu N na wa chini N ndipo akakaza waya, na kazi ikaishia hapo, kazi ndogo kabisa ambayo ningeisubiri tu. Tangu hapo nimeapa, gari likiwa bovu nasema ni bovu, hata kama anayesubiri ni askofu.

Juzi nilikwenda kumchukua mama kwa ajili ya kliniki. Nikasimamisha gari mlangoni.

"Shikamoo mama. Twende?"

"Marahaba. Limepona?"

"Limepona kabisa."

"Haya, shuka kwanza, tulitazame."

Nikashuka. Tukasimama wawili, tunaliangalia gari linalowaka kwenye P bila mtu ndani, mpaka aliporidhika mwenyewe akaenda akafungua mlango wa nyuma, kule mbele akaniachia mwenyewe.