Jirani Anayeogopa Matapeli

Jirani yetu anauza pikipiki yake kwa wasiwasi wa baba anayemwoza binti. Mnunuzi akitaka kuijaribu, sharti aache kitambulisho, na bado jirani atapanda nyuma amkumbatie kiuno, asikimbie nayo. "Matapeli wamejaa, ndugu yangu," husema, akifuta tangi kwa mkono wa shati. Lakini mteja akipiga simu kwamba yuko njiani, yeye hukanyaga kiki mpaka jasho limtoke, maana ikiwa baridi haiwaki bila kubembelezwa. Ikishachemka huizima, akakaa kizingitini kama mtu aliyeamka sasa hivi.

Jana alikuja dada mmoja msambaza maziwa. Akatoa kitambulisho, akasogeza kiganja kwenye injini, akakirudisha haraka.

"Kaka, imetoka wapi hii?"

"Haijatoka, dada. Imelala hapo tangu juzi."

"Basi ina homa." Akageuza ndoo, akaikalia. "Mimi naenda kazini alfajiri, nataka inayowaka ikiwa baridi. Tusubiri ipoe."

Jirani akalisingizia jua, nasi sote tuko kivulini. Kitambulisho cha mwenzake alikuwa amekikamata kwa mikono miwili, asije akatapeliwa.