Kabichi ya Watu Wawili

Kwanza hili liwekwe sawa: Hortense Vauquelin hakwenda mgahawani kwa Ostermeyer kufanya fujo. Hakumkunja mhudumu shati wala hakulia mbele za watu. Wanaosimulia hivyo hawakuwapo. Alivaa koti lake la kijivu, akapanda treni ya chini ya ardhi mchana kweupe, akaenda kula kama mtu yeyote wa Paris aendavyo kula.

Aliyeyaanza yote ni wifi yake, Odile. Anselme, mume wa Hortense, alikuwa ndiyo kwanza amezikwa, na wawili hao walikuwa jikoni wakifuta vikombe.

"Wifi, mimi simo," Odile alisema, "ila kaka yangu alikuwa akionekana kwa Ostermeyer kila Alhamisi. Meza ina sahani mbili. Na yeye amekaa kwenye kiti, si kwenye benchi."

"Kaonwa na nani?"

"Mke wa mfamasia. Na unayajua macho yake."

Hortense alifundisha Kilatini hadi alipostaafu, lakini hapa hapakuhitaji usomi. Katika migahawa ile, mwanamume aliyelelewa humwachia mwanamke benchi la ngozi lililo ukutani, auone ukumbi wote, naye hukaa kwenye kiti akiwapa watu mgongo. Anayekula peke yake hujikalia benchini. Anselme alikuwa amelelewa. Basi benchini alikaa nani? Swali hilo likamkosesha usingizi. Jina la Vauquelin alilitunza maisha yake yote, na sasa lilikuwa linauzwa duka la dawa pamoja na vidonge vya kikohozi.

Alhamisi iliyofuata akaenda. Alipotaja jina lake mlangoni, alijitokeza mhudumu mzee mwenye aproni ndefu nyeupe, aitwaye Firmin.

"Pole sana na msiba, mama. Marehemu alikuwa mtu wangu." Akaivuta meza ili Hortense apite kukaa benchini.

Hortense hakukaa. "Hapa alikuwa anakaa nani?"

"Hapo? Koti lake."

"Na sahani ya pili?"

Firmin alikuna shingo. "Mama, kabichi chachu na nyama ya nguruwe hapa hatupiki ya mtu mmoja. Ni ya wawili, tangu enzi za babu yake mwenye mgahawa. Nikiagizwa ya wawili, naandaa nafasi mbili. Nilimwambia, mzee, kula samaki. Akasema samaki anamla nyumbani mpaka anaota mapezi."

"Akaimaliza yote?"

"Na sahani akaipangusa kwa mkate."

"Sasa mgongo kuwapa watu ni kwa nini?"

"Alikuogopa wewe, mama. Alisema daktari kamkataza mafuta, na mke wake ni mkali kuliko huyo daktari. Hakutaka kutambuliwa."

Hortense akatazama mbele. Juu ya benchi, ukutani, palikuwa na kioo kikubwa kilichouonyesha ukumbi mzima, hadi meza ya mwisho. Mwenye kukaa kwenye kile kiti uso wake ulionekana na kila mtu.

"Na kioo je?"

"Nilimwonyesha. Akasema, loo, hicho hakukifikiria. Kisha akaendelea kula."

Hortense aliketi benchini, akavua glavu zake taratibu.

"Niletee hiyo ya wawili."

"Peke yako, mama?"

"Samaki kanichosha na mimi."

Asubuhi yake Odile alipiga simu. "Haya, wifi, umemjua?"

"Hapakuwa na mwanamke. Kaka yako alikuwa anakula."

"Kula gani huko kwa kujificha? Alikula nini?"

"Yaliyoingia tumboni mwa mume wangu ni yangu na yake. Mwambie na mke wa mfamasia. Sisemi zaidi."